Filimbi Ambayo Papa Évariste Hakuisikia

Maman Agathe alipomwambia kwamba gari lake linapiga filimbi, Papa Évariste aliitikia, akaingiza kichwa dirishani, akakunja uso kama mtu anayesikiliza kwa makini, na hakusikia kitu.

Injini aliisikia. Pikipiki zilizokuwa zikipanda kutoka mtaa wa Panzi alizisikia, na mwanamke wa ndizi aliyekuwa akibishana na mteja hatua kumi kutoka pale. Lakini ndani ya spika za ile RAV4 ya kijivu, spika ambazo yeye mwenyewe alizifunga majuma mawili nyuma pamoja na ampli chini ya kiti, kulikuwa kimya.

“Unasikia?” Maman Agathe aliuliza, akikanyaga mafuta kidogo. “Iko inapanda na moteur. Sasa naachilia, iko inashuka. Na volume iko zéro kabisa, unaona?”

“Ndiyo, maman,” alisema Papa Évariste. “Ile ni parasite, kelele ya moteur. Ni kitu kidogo.”

Kwamba ni kitu kidogo haukuwa uongo. Uongo ulikuwa lile neno la kwanza.

Évariste Bahizire alikuwa na miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia pale Essence, mjini Bukavu, kando ya barabara, katika kibanda cha mbao kilichopakwa rangi ya samawati. Ubaoni kaandika kwa mkono wake: ÉLECTRICITÉ AUTO, POSTE, AMPLI, BAFFLE, yaani umeme wa gari, redio, ampli na spika. Kabla ya magari alitengeneza redio za nyumbani kwenye soko la Kadutu, kwa mjomba wake, na huko ndiko alikopata jina. Walikuwa wakimletea redio iliyoharibika, anaiwasha, anaitegea sikio, anasema ni kipande gani kimekufa kabla hajafungua skrubu moja. Alipohamia kwenye magari sikio lilihama naye. Madereva walimwita daktari, na yeye aliwaacha wamwite hivyo. Kwa sikio lile alilea watoto watano, akawasomesha, akamwoza Merveille, binti yake mkubwa, aliyeko Uvira na mumewe.

Kisha, bila mtu kumpiga wala ugonjwa kumlaza, sauti zikaanza kumtoka moja moja. Ya kwanza ilikuwa mlio wa clignotant, ile taa ya kukatia kona: alishangaa siku moja kuona taa inapepesa mbele yake bila kusikia ule mgongano wake mdogo. Baadaye simu ikilia chumba cha pili haifiki. Mkewe Nsimire akimwomba chumvi, yeye analeta kiberiti. Kanisani alijua kengele ya mageuzo imelia kwa kuona watu wamepiga magoti, naye anapiga magoti nyuma yao kidogo, kama mgeni.

Hakumwambia mtu. Fundi wa sauti asiyesikia ni fundi wa nini? Alijifunza ujanja. Alisoma nyuso za wateja: wakikunja uso kuna kelele, wakitabasamu imekwisha. Aligusa ngozi ya spika kwa kidole, mtetemo ukamwambia nusu ya habari. Lakini kelele nyembamba, ile inayolia juu kabisa, kidole hakiipati. Mwezi mmoja kabla ya Maman Agathe, mwenye teksi mmoja aitwaye Constantin alirudisha gari lake mara tatu kwa mlio uleule. Mara ya tatu hakugomba. Alisema tu, “Aksanti, papa,” akaondoka, na Papa Évariste akasikia kwa watu kwamba gari limepelekwa kwa mafundi vijana wa Nyawera. Angelitukanwa angeumia kidogo kuliko hivyo.

Sasa huyu naye alikuwa amerudi. Mara ya kwanza Papa Évariste alikuwa amemwekea filtre kwenye waya mwekundu wa poste, kile kikopo kidogo cha kuchuja kelele ambacho kila fundi hukikimbilia, akamwambia imekwisha. Ilikuwa haijakwisha. Na Maman Agathe hakuwa mtu wa kudanganywa kwa urahisi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kavumu, na jioni na Jumapili ndiye aliyeongoza kwaya ya parokia yao ya Muhumba, sauti nne, watu thelathini na saba. Aliwarekodi kwa simu kila zoezi, kisha akawasikiliza garini asubuhi njia nzima ya kwenda Kavumu, apate kujua nani kateleza wapi. Jubilei ya parokia ilikuwa imebaki siku tisa.

“Nitaweka filtre ingine, ya nguvu kuliko ile,” alisema Papa Évariste. Alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya dashibodi, anapapasa nyaya alizokwisha kuzipapasa.

“Na sasa, bado iko inalia?” Maman Agathe aliuliza kutoka juu.

“Bado, maman. Lakini imepunguka.”

Alitoa kichwa, akamkuta anamtazama, mkono wake wa kulia uko juu ya poste. Kioo cha poste kilikuwa cheusi.

“Papa Évariste,” alisema polepole, “nimezima poste. Na ampli imezimika pamoja nayo. Tangu uingie mule chini hakuna kitu inalia.”

Hakucheka, wala hakupandisha sauti. Kama angecheka, labda Papa Évariste angepata hasira, na hasira ingemsaidia kupata neno la kusema. Alibaki ameketi pale mlangoni, miguu nje, mikono magotini. Mwanamke wa ndizi alikuwa amekwisha kuuza. Barabara ilikuwa imejaa watu, na kila mmoja alionekana kwake kama anajua.

“Tangu wakati gani?” Maman Agathe aliuliza.

Alifikiri kukataa. Neno lilifika mdomoni, “Tangu nini?”, likasimama pale. Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kutazama nyuso za watu.

“Inafika miaka mbili,” alisema. “Hakuna mutu nimeambia. Hata bibi yangu.”

“Na unasikia mimi sasa?”

“Weye nakusikia. Sauti yako iko chini, na unanitazama. Ni ile ya juu yenye imenipotea.”

Maman Agathe alifungua mlango wake, akashuka, akazunguka gari. Papa Évariste alijua anachokuja kusema: kwamba gari linakwenda Nyawera, kwamba aksanti papa. Badala yake alikunja mikono ya shati lake la shule.

“Basi sikia vile tutafanya,” alisema. “Miye niko na masikio. Miaka ishirini natafuta mutu mumoja anaimba vibaya kati ya batu makumi tatu. Moteur na nyaya, sijui hata kimoja. Weye unaniambia gusa hapa, fungua pale, miye nakuambia imelia ao imenyamaza. Si ndivyo?”

“Ndivyo,” alisema Papa Évariste, na sauti yake ikamtoka kidogo kuliko alivyotaka.

“Kwanza uijue yenyewe.” Maman Agathe alirudi kwenye usukani, akawasha poste, akasikiliza, kisha akaiimba ile filimbi. Lakini hakuiimba kule juu ilikokuwa. Aliishusha, akaiteremsha mpaka kwenye sauti ya tumbo, mahali ambapo wanaume wa besi husimama, akapanda nayo injini ilipopanda na kushuka nayo iliposhuka. Papa Évariste akaisikia. Aliitambua kama mtu anavyotambua mtu wa kijiji chake mjini. Hii alikuwa ameipata kwenye mamia ya magari, zamani, wakati ilipokuwa ikimjia yenyewe.

“Ni ya alternateur,” alisema. “Ni ule umeme wa kuchaji betri. Iko inaingia mu sauti. Sasa tutatafuta mlango yenye inapitia.”

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu gari lile lifike kwake, alimwuliza maswali na kungoja majibu. Inalia gari likiwa baridi au likiwa limepata moto? Inalia mvua ikinyesha? Kuna wakati inazidi?

“Papa, siku ile ya kwanza nilikuambia,” alisema Maman Agathe. “Nikiwasha mataa, inazidi. Nikiweka na essuie-glace, wiper ya kioo, inazidi tena. Uliitika ndiyo, ndiyo.”

Alikuwa ameitika bila kusikia. Aibu ilimpanda mpaka kwenye nywele, lakini kichwa hakikuingoja aibu, kilikwishaanza kazi. Mataa. Wiper. Umeme mwingi ukitumika, kelele nyingi. Hilo halikuwa jambo la filtre hata kidogo.

Alienda nyuma, akainua kiti, akachomoa kwenye ampli zile fiche mbili, plagi nyekundu na nyeupe, zinazoleta sauti kutoka kwenye poste.

“Imenyamaza,” Maman Agathe aliita. “Kabisa.”

“Basi ampli haina makosa. Iko inaletewa.”

Alichukua simu yake mwenyewe, akaiunganisha kwenye ampli kwa waya mfupi, akaweka wimbo wowote. Maman Agathe alisikiliza huku amefumba macho. Wimbo ulikuwa safi, alisema, ingawa hakuupenda. Basi ampli na spika zilikuwa nzima, na tabu iko kwenye poste au njiani. Papa Évariste alitoa kebo nyingine mpya ya sauti, akaipitisha juu ya viti, mbali na waya mnene wa betri, kwa sababu nyaya hizi mbili zikilala pamoja kama alivyozilaza yeye, moja huambukiza nyingine. Alimwomba awashe mataa.

“Imepunguka kidogo sana. Lakini ni ileile.”

“Sawa. Haiko njia.” Alikuwa ameanza kuona. Alifungua sanduku, akatoa testeur yake ya njano, kipimo cha umeme, ile yenye kioo kilichopasuka kona. Hii haikuhitaji sikio. Ncha moja aliishikiza kwenye chuma cha poste, ncha ya pili kwenye chuma cha ampli. Injini imezimwa: karibu na sifuri. Injini imewashwa: namba zikaruka. Mataa yamewashwa, wiper inapiga: sifuri nukta sita.

“Maman, njoo utazame.”

Alimweleza akiwa amechuchumaa, akichora kwa kidole kwenye vumbi la mlango. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya mwekundu, unafanya kazi yake, halafu lazima urudi betrini. Kwenye gari haurudi kwa waya, unarudi kwa chuma cha gari chenyewe. Ndiyo mafundi huita masse. Poste inarudisha umeme wake kwa chuma cha gari, kama taa, kama wiper. Lakini ampli yeye, Papa Évariste, alikuwa ameivutia waya wake mnene mweusi mpaka kwenye betri moja kwa moja, na akajisifu nao. Hakuna ubaya, ikiwa chuma cha gari na betri vimeshikana vizuri. Chuma na betri havingetofautiana hata kidogo. Hapa vilitofautiana kwa zaidi ya nusu volti.

“Sasa tufungue capot,” alisema.

Mvua ya Bukavu haibishi hodi. Walipokuwa wanainua kifuniko cha injini matone ya kwanza yalianguka, makubwa, na baada ya dakika moja barabara yote ilikuwa inakimbia kujificha. Mteja mwingine angesema turudi kesho. Maman Agathe alivuta turubai la kibandani, akalitandaza juu ya kifuniko kilichoinuka, akashika ncha mbili kwa mikono yake, akabaki amesimama pale kama nguzo huku kisigino kimoja kinalowa.

“Endelea, papa. Miye sitayeyuka.”

Papa Évariste aliinama chini ya turubai. Kutoka kwenye ncha hasi ya betri zilitoka nyaya mbili. Moja ilishuka kwenye injini, nayo ilikuwa nzima. Ya pili, msuko mpana wa shaba, ilienda kwenye chuma cha gari chini ya betri, mahali pasipoonekana bila kuondoa betri. Aliiondoa. Mule chini kulikuwa na unga wa kijani, kutu inayobanduka kama magome, na msuko wenyewe umelika mpaka umebaki nyuzi tatu, moja ikakatika alipoigusa tu.

“Nyamuzinda,” alisema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao.

“Ni nini?”

“Njia ya kurudi ilikatika. Umeme ya mataa, ya wiper, ya kila kitu, ilikuwa inatafuta pa kupita kurudi kwa betri. Na unajua yenye ilipata? Ule waya mwembamba wa sauti. Wa kwaya yako.” Alirudi ndani haraka, akachomoa ile kebo ya zamani, akaja nayo. Ilikuwa na alama za moto. Plastiki yake ilikuwa imeanza kuyeyuka. Alimpa Maman Agathe aishike kwa mkono mmoja, naye akaiachia mara moja.

“Ingewaka?”

“Sijui. Labda siku ingine, njiani kwa Kavumu, usiku na mvua, mataa yote imewaka. Labda.” Hakutaka kumtisha, ila hakutaka tena kusema jambo ni dogo wakati si dogo.

Maman Agathe alitazama gari lake, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono uliokuwa umeshika turubai, maji yakamwagika yote mgongoni kwa Papa Évariste. Wakacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha siku ile.

Kazi yenyewe ilikuwa ya saa moja. Alikata kutu kwa brashi ya chuma, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa cheupe. Alitengeneza waya mpya, mnene kama kidole chake kidogo, akaubana pete ya shaba kila ncha, akaufunga kwa bolti mpya, akapaka grisi juu ili maji yasirudi kula. Waya wa ampli aliuhamisha, akaufunga kwenye chuma cha gari kama poste, ili wote waongee na njia moja. Kebo iliyopata joto aliitupa, ile mpya akaipitisha upande wa pili wa gari. Kikopo cha filtre alikitoa pia.

“Washa,” alisema.

Testeur ilionyesha sifuri nukta sifuri mbili. Mataa, wiper, feni. Sifuri nukta sifuri mbili. Alimtazama Maman Agathe kupitia kioo, kwa sababu namba ni namba, lakini mwenye masikio alikuwa yule pale ndani.

Alikuwa ameinamisha kichwa. Alikanyaga mafuta. Aliachia. Alikanyaga tena, muda mrefu zaidi.

“Hakuna,” alisema. Kisha akateremsha kioo na kusema kwa nguvu, ili asikie vizuri, “Papa, hakuna kitu! Hakuna hata kidogo!”

Papa Évariste alikaa kwenye ngazi ya kibanda. Mvua ilikuwa imepungua, maji ya udongo mwekundu yanateremka kandokando ya miguu yake, na hakuisogeza. Maman Agathe alikuwa ameweka rekodi ya zoezi la Jumanne. Besi na tenori zilimfikia Papa Évariste, nzito na nzuri. Za juu alizikisia tu. Lakini alimwona mwenye gari akiziba mdomo kwa mkono.

“Tatiana!” alisema. “Siku tatu namukasirikia Tatiana, nasema iko anapandisha nota. Nilitaka hata kumutoa kwa solo. Kumbe ni moteur! Yeye iko anaimba sawa malaika, masikini.”

Kabla ya kuondoka alimwandikia namba ya simu kwenye kipande cha karatasi ya daftari la wanafunzi. Shemeji yake David alikuwa muuguzi kwenye kituo kimoja cha afya kule Muhumba, na Alhamisi alishughulika na masikio. “Uende,” alisema. “Usinilazimishe kukuja kukukamata kama mwanafunzi.”

Jioni ile Papa Évariste alikula ugali na sambaza, dagaa wa ziwani, akasafisha vidole, akasema akitazama sahani, “Maman Merveille, masikio yangu haisikii vizuri.”

Nsimire aliendelea kukusanya vyombo. “Najua,” alisema.

“Unajua?”

“Miaka mbili unaniletea kiberiti. Nilikuwa nangojea weye mwenyewe useme. Ungesikia nimesema miye, ungenuna mpaka Noeli.” Aliketi tena. “Kuko fasi tunaweza kwenda?”

Walikwenda pamoja Alhamisi. Njiani hakusema mengi. Alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kumwonyesha hata Nsimire: kwamba huyo David atamulika, atatikisa kichwa, atasema imekwisha, na kibanda cha samawati kitafungwa. Mpaka sasa alikuwa fundi anayesikia vibaya. Karatasi ya daktari ingemfanya kiziwi.

David alikuwa kijana mnene mwenye mikono myepesi. Alimulika sikio la kulia kwa muda mrefu, akapiga mluzi, akamulika la kushoto.

“Papa, unasafishaka na nini?”

“Na... waya kidogo. Nafunga pamba juu.”

“Waya ya umeme?”

“Ni nyembamba,” alijitetea.

“Papa, haukuwa unasafisha. Ulikuwa unasukuma. Huku kuume umejenga ukuta.” Akamgeukia Nsimire. “Maman, ile waya itupwe leo.”

Walipewa dawa ya matone ya kulainisha, siku tano, asubuhi na jioni. Nsimire ndiye aliyemtia, kichwa chake kikiwa kimelala kwenye mapaja yake, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu walipokuwa wachumba, na hakuna aliyelalamika. Alhamisi iliyofuata walirudi. David alimfunga taulo shingoni, akamshikisha bakuli la chuma, akachukua bomba lenye maji ya uvuguvugu.

Mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna kitu. Mara ya tatu Papa Évariste alisikia kama mtu ameng'oa mlango, na kitu cheusi kigumu, kikubwa kama punje ya haragwe, kikaanguka kwenye bakuli.

Alisikia kikianguka. Ting.

Baada yake ikaja maji yanayodondoka, bomba linalovuta, viatu vya David vikilia sakafuni, bangili za Nsimire, mtu anakunja gazeti chumba cha kungojea, na nje kabisa, mbali, mtoto anaita mwenzake. Vyote kwa pamoja, vikali mno, kama taa mtu anapoamshwa. Alishika kando za kiti. Nsimire alisema, “Unalia?”, naye akasema, “Hapana, ni maji,” na wote watatu walijua.

Sikio la kushoto lilikuwa limeziba nusu tu. David alilisafisha, kisha akampima yote mawili kwa vidude vyake, akamweleza bila kuzunguka. Ukuta umeondoka. Lakini nyuma ya ukuta kuna uzee, na miaka mingi ya baffle zilizofunguliwa karibu na kichwa. Zile sauti nyembamba sana za juu, nyingine hazitarudi.

“Nyingi?” aliuliza Papa Évariste.

“Kidogo. Utaishi bila hizo.”

Aliipokea habari ile kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imesimama, ila kigae kimoja kimevunjika.

Walishuka kwa miguu kwa sababu yeye alitaka kusikia. Kila hatua alisimama: mfuko wa plastiki unaopeperuka, ufunguo wa mtu, ndege ambaye hakujua jina lake. Nsimire alichoka kungojea, akatangulia, na akiwa mbele akanung'unika kwa sauti ya chini, “Angalia mutu muzima, anasimama kwa kila mufuko sawa mbuzi.”

“Mbuzi inasikia,” alisema Papa Évariste nyuma yake.

Nsimire aligeuka, macho makubwa. Kisha akakumbuka yote aliyokuwa akiyanung'unika nyumbani miaka miwili bila hofu, juu ya shemeji zake, juu ya viatu vya matope, juu ya suruali ya kijani ambayo hakuipenda kamwe, akacheka mpaka akashika ukuta wa nyumba ya watu.

Kazini alirudi Ijumaa. Alimpigia Constantin simu kabla ya kufungua kibanda, akamweleza ukweli wote, bila kupunguza. “Mbona haukusema, papa?” alisema Constantin. “Banyawera nao bameshindwa. Niko nakuja.” Akaja saa nne. Papa Évariste alimwambia akae kwenye kiti cha dereva, amwambie kila anachosikia, akachukua testeur, na akafungua capot.